Chai ya Kultum, Maziwa ya Edinah

Jumatatu, 3 Machi. Migori mjini

Kwamboka amefikisha juma moja duniani. Ana afya, ana pua yangu, na kwa sauti amemrithi mama mkwe. Mke wangu Edinah anaendelea vizuri. Mungu ni mwema. Sasa habari kubwa: nitakuwa tajiri!

Nilikwenda dukani kwa Yakub, kule karibu na stendi, kununua sabuni ya nepi. Yakub hakuwepo. Alikuwepo mkewe, Kultum, anajaza chupa ya chai ampelekee binti yao Idil, aliyejifungua na amelala ghorofani. Harufu yake! Nikauliza chai gani hiyo. Akasema ni ya mzazi, ya kuteremsha maziwa. Uwatu, bizari tamu, tangawizi, chemsha mpaka igeuke rangi. Nikauliza Idil ana maziwa kiasi gani. Akacheka, akasema mtoto analala mdomo wazi na maziwa yanajimwagia yenyewe.

Akaendelea kusema mengine mengi. Ati kwao mzazi hukaa ndani siku arobaini, hapiki, hafui, hatoki, kazi yake ni kulala na mtoto kifuani na kuletewa supu. Alieleza kwa kirefu sana. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, naandika viungo kwenye kiganja.

Uwatu! Tangawizi! Vitu vimejaa dukani na hakuna mtu Migori aliyewahi kuvitia kwenye pakiti. Watu wa hapa hawana maono. Hata nilipofuga kware walinicheka, na ukweli ni kwamba kware wale walikuwa wazuri sana kabla hawajafa. Na ile dhahabu niliyonunua Macalder pia haikuwa kosa langu. Shaba na dhahabu juani ni ndugu.

Jina la bidhaa: Chak Mang'eny. Ni Kijaluo, maana yake maziwa tele. Mimi ni Mkisii, lakini wateja wengi hapa ni Wajaluo na biashara haina kabila.

Jumatano, 5 Machi

Nimechanganya mzigo wa kwanza kwenye karai la kuogea. Uwatu ni ghali, kwa hiyo nimeweka wa kutosha kunusika. Kilichobaki ni tangawizi, majani ya chai ya kawaida na sukari nguru. Sukari nguru inatia rangi nzuri. Kuna kitu pia kilianguka kutoka darini lakini nimekiona na kukitoa.

Tatizo ni mama mkwe, Nyasuguta. Amekuja kutoka Asumbi kumtunza mwanawe. Mkatoliki, mkulima, mwanamke wa maneno machache na sufuria nyingi. Sisi Wakisii tuna heshima zetu: mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawatajani majina, hawatazamani usoni. Kwa hiyo analala kwa jirani yetu Trizah, na asubuhi akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili. Leo nimetoka nje mara nyingi kuliko paka.

Kazi yake ni kumjaza Edinah uji wa wimbi, supu ya kuku na mboga za kienyeji. Nilimtuma Edinah amwambie kwamba kuanzia leo kinywaji cha nyumba hii ni chai yangu. Jibu likarudi kupitia kwa Edinah: mama anauliza, hiyo chai ina kuku ndani? Nikamtuma aseme haina. Jibu likarudi kwamba basi ainywe mwenye chai.

Edinah alikunywa vikombe viwili kwa ajili ya amani. Jioni hii maziwa yake yamejaa mpaka kanga imelowa! Siku moja tu! Mama mkwe anasema yalikuwa yamelowesha kanga tangu juma lililopita. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi. Sabato

Aibu kanisani. Edinah alikuja kwa ombi la shukrani na akanukia. Uwatu hutoka kwenye jasho, sikujua. Kufikia wimbo wa pili kanisa zima lilikuwa linanusa pilau. Watoto waliuliza mama zao chakula kiko wapi.

Halafu Ombui. Huyu ni mzee wa kanisa letu na anauza unga wa soya wa kunywa badala ya kahawa. Akasimama wakati wa matangazo, macho yake kwangu, akasema kuna ndugu anawauzia akina dada majani ya chai, na sisi Waadventista tunajua msimamo wetu kuhusu chai, na mzazi akitaka kitu cha kunywa chenye nguvu, soya ipo, bei ni ile ile ya zamani. Akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake wa kanisa, wakaitikia amina. Nusu yao nawajua, nyumbani wanakunywa chai ya rangi hadi saa nne.

Nilisimama nikasema yangu si chai, ni kinywaji. Ombui akauliza ndani kuna nini. Nikasema majani. Akauliza majani ya nini. Nikakaa.

Nimeamua: soko langu liko nje ya kanisa. Nabii hana heshima kwao.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI!

Wazo lilinijia nikiwa nje kwa mlango wa nyuma, nikingoja mama mkwe amalize kumkanda Edinah. Kwa nini nihangaike kueleza kwa maneno? Edinah mwenyewe ndiye tangazo! Mama mzazi, bado mbichi, kifua kimejaa. Nikamtoa. Nikamvalisha ile blauzi ya waridi, nikamsimamisha sokoni kando ya meza yangu.

Nilimkataza kuja na mtoto. Hili nililifikiria sana. Mtoto akilia mbele ya wateja watasema ana njaa, na mtoto anayelia ni tangazo baya. Kwamboka alibaki na bibi yake. Mama mkwe alituma neno kwamba mzazi wa siku hizi chache hatolewi juani, na mtoto haachwi. Nikajibu, kupitia kwa Edinah, kwamba dunia imebadilika.

Sokoni mtoto wa mtu fulani akalia, na hapo hapo blauzi ya Edinah ikalowa pande zote mbili. Mbele ya watu! Wanawake wakashika midomo. Nikapiga kelele, mmeona wenyewe, hiyo ni Chak Mang'eny! Pakiti zikaisha. Mama mmoja alinunua za dada zake wote. Edinah alikuwa analia kidogo, nadhani ni furaha.

Kwamboka tulimkuta amelia hadi sauti imekauka. Bibi yake alikuwa amempa maji ya moto yaliyopoa kwa kijiko, hakuwa na lingine. Kesho nitanunua maziwa ya kopo. Kwa siri, bila shaka. Muuza chai ya kuteremsha maziwa hawezi kuonekana na kopo.

Jumanne, 11 Machi

Nilinunua kopo kwenye duka la mbali kabisa, ng'ambo ya daraja, nimevaa kofia. Nikageuka na kopo mkononi. Nani yuko nyuma yangu kwenye foleni? Ombui.

Alitazama kopo, akanitazama mimi, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepata mahubiri ya Sabato ijayo. Nikasema ni la jirani. Akaniuliza jirani yupi, ili amwombee.

Alhamisi, 13 Machi

Macalder. Nilidhani wanawake wanaoosha dhahabu watakuwa wateja wazuri, maana wanafanya kazi ngumu na wanazaa.

Safari ilikuwa ndefu, na Edinah alikuwa na maumivu. Matiti yamejaa, yamekuwa magumu kama mawe. Tulipofika akaenda nyuma ya choo akakamua yote chini, kwenye majani. Yote! Nilimwambia waziwazi kwamba ametupa tangazo la siku nzima. Siku hizi hajibu sana.

Wanawake wa pale wamesimama kwenye maji, wanachekecha mchanga, na kila wa pili ana mtoto mgongoni. Mtoto akinung'unika, anavutwa mbele, ananyonya, kazi inaendelea. Nikaanza hotuba yangu. Mmoja akanikatiza, akamwuliza Edinah mtoto wake yuko wapi. Edinah akatazama ardhi. Nikasema yuko nyumbani, amenona. Yule mama akamwuliza tena Edinah, si mimi, ni nani anamnyonyesha. Hapo wote wakaacha kuchekecha.

Hatukuuza hata pakiti moja. Mwanamke mmoja alimpa Edinah ndizi na kumkalisha kivulini. Mimi hakuna aliyenipa ndizi.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Kupoteza wakati kabisa.

Muuguzi anaitwa Beverlyne. Alimweka Kwamboka kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena. Akasema mtoto ni mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Nikasema mizani ya serikali haiaminiki. Akamwuliza Edinah anamnyonyesha mara ngapi. Edinah akasema asubuhi na jioni, siku tusipokuwa safarini, na kwamba maziwa yenyewe siku hizi hayaji, mtoto anavuta anachoka analia.

Beverlyne akaeleza kwamba titi linatengeneza kadiri linavyonyonywa, likiachwa linajua kazi imeisha. Akasema mtoto awekwe kifuani mchana na usiku, kila akitaka, na mama apumzike, ale, anywe chochote anachopenda. Nikauliza, kama anywe chai? Akasema hata chai, hata maji, hata uji, si kinywaji kinacholeta maziwa. Nikamwambia mimi ni mfanyabiashara wa sekta hii. Akaniomba nimpishe mtu wa nyuma.

Nimetafakari njiani. Maziwa yamepungua. Kitu gani kimebadilika? Jibu liko wazi: dozi ni ndogo! Kuanzia leo Edinah atakunywa chupa nzima asubuhi na nyingine mchana. Ameinywa, akatapika, akalala. Nimemwekea nyingine.

Nikiandika haya Kwamboka analia chumbani. Si kilio kile cha kwanza cha nguvu. Ni kidogo, kama mlango unaokwaruza. Kinanikata moyo, kusema kweli, na pia kinanitoa kwenye hesabu zangu.

Jumatano, 19 Machi

Sitaki kuandika juu ya Kehancha. Nitaandika kwa kifupi.

Edinah hakuwa na maziwa ya kuonyesha. Sasa, mfanyabiashara mwenye akili hakwami. Nilinunua maziwa freshi njiani, nikayatia kwenye chupa safi ya mtoto, na mpango ulikuwa niseme kwamba Edinah ameyakamua asubuhi hii, titi moja tu. Chupa ilijaa mpaka juu, povu kidogo. Ilipendeza.

Kosa langu lilikuwa moja. Watu wa Kehancha ni Wakuria. Mkuria amekua na ng'ombe, analala anaota ng'ombe, anaoa kwa ng'ombe. Nilisahau.

Nikainua chupa juu. Bibi mmoja mwenye fimbo akaja taratibu, akanipokonya chupa, akafungua, akachovya kidole, akalamba. Akafikiri. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili chake cha pole, huku kila mtu anasikia:

"Huyu mke wako, ana pembe?"

Wueh. Walicheka mpaka mwenye kibanda cha viatu akaketi chini. Bibi akalamba tena, akasema ni mzuri, lakini anywe maji zaidi na asilishwe majani ya mahindi. Kijana mmoja akauliza namuuza au namkodisha. Watu wa boda boda walinisindikiza hadi stendi wakilia kama ng'ombe, na mmoja alitaka kunitoza nauli ya mifugo.

Edinah hakucheka. Alitembea mbele yangu, kifua kikavu, mikono ameikumbatia kama mtu aliyebeba kitu na hana kitu. Nilimwuliza ana nini. Akasema, anataka mtoto wake. Nikamwambia tutafika jioni, atulie.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimetendewa jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kuona.

Nilikuwa sebuleni, nimekaa kwenye kiti changu, nafunga pakiti za kwenda Homa Bay. Edinah alikuwa ameketi kitandani chumbani, blauzi ya waridi ameshavaa, tayari kwa safari. Mara mlango wa mbele ukafunguliwa, mama mkwe akaingia. Nikainuka haraka nitoke nyuma, kama kawaida, kwa heshima. Hakungoja nitoke. Akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, amembeba Kwamboka, akanitazama usoni. Usoni! Na akanitaja jina.

"Duke. Mtoto huyu ana njaa. Mama yake yuko hapa, chakula chake kiko hapa, na wewe umesimama katikati."

Mama mkwe kutaja jina la mkwe! Kuingia sebuleni mkwe akiwa ameketi! Wazee wangesikia, angetozwa mbuzi. Nilishtuka kiasi kwamba sikuweza kufikiria alichokuwa anasema, nilikuwa nawaza tu jinsi alivyokosa adabu. Nikamwita Edinah aje amwambie mama yake kwamba amevunja mila.

Edinah akatoka chumbani. Hakumwambia mama yake chochote. Alimchukua Kwamboka, akafungua vifungo vya blauzi ya waridi pale pale mbele yetu sote, akamweka kifuani. Mtoto akavuta, akavuta, akaacha, akalia kile kilio kidogo. Edinah akamrudisha. Akalia naye. Mimi nikatazama ukuta, maana mama mkwe alikuwa bado chumba kimoja nami na sikujua macho niyaweke wapi.

Halafu wakafunga mzigo. Trizah akaita boda boda mbili. Wanaenda Asumbi. Nilimwuliza Edinah kwa upole kuhusu ahadi yetu ya Homa Bay, kwamba watu wanatungoja. Akasema wangoje.

Nimebaki na pakiti. Pia nimebaki na kopo, limefika nusu.

Jumapili, 23 Machi

Jana Ombui alihubiri. Hakunitaja. Alisema tu juu ya mtu anayeuza visima huku akinunua maji kwa siri, amevaa kofia. Kanisa zima liligeuka kunitazama kichwani. Nilikuwa nimeivaa.

Leo Kultum mwenyewe alinijia mlangoni. Amesikia kwamba sokoni nataja jina lake, kwamba hii ni siri ya Kultum. Hakuwa na furaha. Akaomba aone pakiti. Akafungua, akanusa, akauliza uwatu uko wapi. Nikasema uko, autafute. Akauliza mke wangu yuko wapi. Nikasema amekwenda kwao kupumzika. Akauliza, kabla ya hapo, arobaini yake aliikaa wapi. Nikasema Macalder na Kehancha.

Akashika kichwa. Akakaa kwenye ngazi. Akanieleza tena yote aliyonieleza siku ile ya sabuni, polepole, kama anavyoelezwa mtu mgonjwa. Kitu kimoja nakikumbuka:

"Chai tunampa ili awe na kitu cha moto mkononi wakati mtoto ananyonya. Wewe umechukua kikombe ukaacha mtoto."

Nilimshukuru kwa ushauri. Kila mtu ana falsafa yake. Kisha nikamwomba punguzo la bei ya uwatu kwa jumla. Akaondoka, na Yakub sasa ananiuzia sabuni kwa kunirushia.

Usiku nilikunywa Chak Mang'eny kama chakula cha jioni, hakukuwa na kingine. Inashibisha. Lakini tumbo langu limekuwa likisema peke yake tangu saa hiyo, na nyumba imekuwa kimya sana, mtu anasikia kila neno.

Nina hamu ya kusikia kilio cha Kwamboka. Sikudhani nitakuwa nayo. Nilikwenda nikasimama chumbani kidogo, pale anapolazwa. Halafu nikaona kwamba chumba kikiwa wazi kinatosha pakiti nyingi zaidi, nikazihamisha.

Jumapili, 6 Aprili. Asumbi

Nimeandika haya nikiwa kando ya banda la mbuzi la mama mkwe, kwa sababu yeye yuko ndani na mimi siwezi kuingia. Mmoja wetu bado ana adabu.

Nilikuja kumchukua mke wangu. Nilijiandaa kwa mabaya. Njiani kutoka Rongo nilikuwa nikifikiria ile mizani ya kliniki, nikimwomba Mungu kimya kimya, ombi halisi, si lile la kanisani.

Edinah akatoka na Kwamboka. Mtoto amejaa! Mashavu yamefunika pua yangu aliyonirithi. Mikono ina mikunjo. Na Edinah, kanga yake imelowa pande zote mbili, na hakuwa hata anajali. Nilikaa chini kwenye majani nikalia. Naandika hivi kwa sababu hii ni shajara yangu na hakuna atakayeisoma.

Akanipa nimshike. Mzito. Ana joto kama mkate. Nikamwuliza Edinah wamefanya nini. Akasema hakuna walichofanya. Analala na mtoto. Mtoto akitaka ananyonya, mchana, usiku, hata kama amemaliza sasa hivi. Siku za kwanza hakukuwa na kitu, mtoto alivuta hewa, mama yake akasema amwache avute tu, na walikuwa wakimwongezea kwa kikombe kama Beverlyne alivyowaelekeza kwa simu. Siku ya nne au ya tano yakaanza kurudi. Mama anapika uji. Basi.

Nikauliza, na chai? Akasema hajaionja tangu atoke Migori.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu, mbuzi wananitazama. Kitu hakikuingia akilini. Kulala, uji, mtoto kunyonya: hivyo vinafanywa na kila mtu, tangu Adamu, bure. Kitu cha bure hakiwezi kuwa siri. Lazima kulikuwa na kitu kingine. Ndipo nikaona! Machi alikunywa chai. Chupa mbili kwa siku, mke wangu, kwa uvumilivu. Aprili maziwa yamekuja. Chai yangu inafanya kazi! Inachelewa tu! Inajikusanya mwilini kwanza, inatafuta njia, halafu mama akitulia kwao inateremka yote kwa pamoja.

Nilimweleza Edinah. Alinisikiliza mpaka mwisho, anamtikisa mtoto. Nikamwuliza tuondoke saa ngapi. Akasema harudi. Nikauliza, harudi leo? Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya:

"Nitarudi Kwamboka akishajua kusema hapana. Mimi nilichelewa kujifunza. Sitaki achelewe."

Nimepiga hesabu. Watoto wa kwetu husema mapema, itakuwa kama mwaka na nusu. Si mbaya. Biashara itakuwa imesimama, nitaweza kuwapokea vizuri. Nilimbusu mtoto kwenye paji la uso, naye akanusa, akakunja uso, akageukia kwa mama yake, akaanza kunyonya. Anapenda chakula, kama mimi.

Maagizo mapya ya pakiti nimeshayaandika: Mama anywe majuma mawili, kisha aende kwao. Hakuna mshindani atakayefikiria hilo. Ila kuna wanawake ambao kwao ni mbali, au mama zao wamefariki, na hao pia ni soko. Kwa hiyo nimemtuma Edinah ndani amwulize mama yake kama anaweza kuwapokea wateja wangu hapa Asumbi, wachache tu kwa kuanzia, uji akipika yeye, nami nipaite hapa tawi.

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini, kisha mlango ukafungwa. Mama mkwe hajasema hapana. Kesho nachapisha stika.